Nyufa za roshani kando ya bahari: pima kabla ya plasta

SWALI: Jengo letu la ghorofa tatu liko Tanga, karibu na bahari, na lilijengwa mwaka 1978. Boriti za roshani zina nyufa ndefu, na pengine zege limebanduka hadi nondo zinaonekana. Fundi anashauri tupige plasta upya. Tukague nini, na kila baada ya muda gani?

JIBU: Plasta isubiri. Ufa unaofuata urefu wa nondo kwa kawaida ni wa kutu. Kutu huhitaji nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana zege linasukumwa kutoka ndani.

Leo hii wekeni mirunda chini ya roshani zilizoathirika na watu wasikae juu yake. Roshani isiyo na nguzo mbele hubebwa na nondo za juu, kwa hiyo ufa wa kuogopa zaidi ni ule wa sakafuni, pale inapokutana na ukuta. Mara nyingi vigae huuficha.

Kisha gongeni zege lote kwa nyundo ndogo na kuweka alama ya chaki kila panapolia mtupu. Chongeni sehemu chache, mnyunyizie fenolfthaleini (kimiminika cha maabara kinachobadilika rangi) kwenye zege lililovunjwa papo hapo. Likigeuka waridi, hewa ukaa haijalipenya na kuondoa kinga yake dhidi ya kutu. Lisipobadilika hadi kwenye nondo, kinga ya nondo imekwisha. Lakini waridi isiwadanganye: chumvi ya bahari, ambayo nayo huleta kutu, haionekani kwa kipimo hiki. Chukueni unga wa kekee kila milimita 15 hadi kupita nondo, upelekwe maabara. Kloridi, yaani sehemu ya chumvi inayoleta kutu, ikikaribia asilimia 0.4 ya uzito wa saruji pale ilipo nondo, hesabuni kuwa kutu inakuja.

Ratiba hutoka hapo. Hewa ukaa huenda polepole kadiri muda unavyopita: iliyopenya milimita 20 kwa miaka 40 itafika 30 mnamo mwaka wa 90. Ikiwa tatizo ni hewa ukaa tu na haijafika kwenye nondo, ukaguzi wa macho kila mwaka baada ya masika, na vipimo kila miaka mitano, vinatosha. Kwenye chumvi, ningegonga kila miezi sita hadi ukarabati ufanyike.

Katika ukarabati, chongeni hadi milimita 20 nyuma ya nondo, msafishe kutu yote, na mhandisi apime kipenyo kilichobaki. Zege lenye chumvi likiachwa pembeni ya kiraka, kutu huhamia ukingoni mwake, na kiraka kizima kinabaki kimezungukwa na nyufa mpya.