Kabla hujakata bima ya vyombo vya kioo, angalia vitafungwaje

Watu wa maabara wakinipigia kuuliza wakate wapi bima ya vyombo vya kioo wanavyoagiza Ulaya, mimi huwauliza kwanza nani atavifunga, na kwa nini. Wapo wanaoona nakwepa swali. Lakini kwa miaka niliyoshughulika na kuagiza vyombo vya maabara, na kuvirudisha nje vinapohitaji matengenezo, nimeona kwamba mzigo wa kioo uliofungwa vibaya hauna bima hata kama ada imelipwa yote.

Masharti yenyewe yanasema hivyo. Bima nyingi za mizigo ya kimataifa hutumia masharti yaliyoandaliwa London, Institute Cargo Clauses, yenye makundi matatu: A, B na C. Kundi A ndilo pana kuliko yote. Hulipa hasara yoyote ya ajali isipokuwa zile zilizotajwa kuwa hazimo. Miongoni mwa hizo, kifungu cha 4.3 kinataja hasara iliyosababishwa na ufungaji hafifu au usiofaa kuhimili safari. Katika toleo la 2009 kifungu hicho kinagusa hata ufungaji uliofanyika kabla bima haijaanza kazi, yaani ule unaofanywa na muuzaji ghalani kwake, mbali kabisa na macho yako. Ukigeukia shirika la ndege nako mlango ni huohuo: Mkataba wa Montreal wa 1999 unamwondolea msafirishaji dhamana pale uharibifu unapotokana na ufungaji mbaya uliofanywa na mtu mwingine.

Tuliwahi kupokea kondensa ya mtambo wa kukenekea (kifaa cha kupozea mvuke), ile yenye bomba la kioo lililojizungusha ndani ya bomba jingine. Boksi lilikuwa zima, halina hata kona iliyobonyea. Ndani, ile koili ilikuwa imekatika pale inapoungana na ganda la nje. Mkaguzi wa bima alipokuja hakuhangaika kuuliza boksi lilidondokea wapi. Alitoa rula, akapima unene wa plastiki ya mapovu iliyozungushiwa kondensa, akapiga picha vibanio vya chuma vilivyowekwa kwenye boksi hilohilo, akaondoka. Dai lilikataliwa, na kwa maneno ya mkataba alikuwa na haki. Muuzaji alikuwa ameufunga mzigo ule kama unaenda mtaa wa pili.

Tangu hapo, kila ninapoagiza, maelekezo ya ufungaji huwa sehemu ya oda, nami huomba picha za kila hatua kabla mzigo haujatoka. Muuzaji makini hachukii jambo hilo. Anayechukia, mimi hutafuta mwingine.

Kwanza fahamu kioo chenyewe. Kioo cha borosilikati, ambacho ndicho cha vyombo vingi vya maabara, kinavumilia joto kwa sababu hakitanuki sana. Kugongwa ni habari nyingine. Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alichapisha kazi iliyoonyesha kwamba kioo huvunjika chini sana ya nguvu yake ya kinadharia kwa sababu ya nyufa ndogo mno, na mikwaruzo ya juu ya uso ndiyo chanzo chake kikubwa. Hii ina maana kwamba vyombo viwili vinavyosuguana siku kadhaa ndani ya lori na ndege vinaweza kufika vikiwa vizima machoni, kisha kimoja kikapasuka siku ya kwanza kuwekwa kwenye moto. Kwa hiyo kioo kisiguse kioo. Chuma kipate boksi lake.

Sehemu dhaifu ni pale mabomba yanapounganishwa na mwili wa chombo, na shingo za chupa. Uzito ubebwe na mwili. Yale mabomba ya pembeni yaachiwe nafasi yasibebe chochote. Koki zitolewe, kila moja ifungwe peke yake na kuandikwa ni ya chombo kipi, kwa sababu koki ya kioo husagwa pamoja na tundu lake na huwezi kuibadilisha na nyingine kiholela. Viungo visisafirishwe vikiwa vimechomekana: mtikisiko huvikaza, na jitihada za kuvitenganisha huja kuvunja kile ambacho safari ilikiacha. Vizibo viondolewe pia, maana mgandamizo wa hewa hubadilika ndege ikiwa angani. Vyombo viwe vikavu, visafi, bila harufu ya kemikali. Kama kwenye seti kuna kipimajoto cha zebaki, kitoe. Zebaki ni mzigo hatari kwa ndege na inaweza kusimamisha shehena nzima.

Boksi liwe ndani ya boksi. Kipimo ninachosimamia ni sentimita tano za sponji ngumu kila upande kuzunguka chombo, na tano nyingine kati ya boksi la ndani na la nje. Magazeti hayafai kwa safari ndefu. Hushuka na kujibana, chombo kikaanza kucheza. Ukitikisa boksi ukasikia chochote, lifungue uanze upya. Kwa mizigo ya bahari ongeza mfuko wa plastiki na vifuko vya kunyonya unyevu, kwa sababu boksi la karatasi likilowa jasho la kontena hulainika, na lililoko chini hubonyea. Ukichagua kreti ya mbao, ubao uwe umepashwa joto kwa ISPM 15, kanuni za kimataifa za kuzuia wadudu wa mbao (nyuzi 56 hadi kiini cha ubao, kwa dakika 30) na uwe na muhuri wake. Plaiwudi haihitaji muhuri huo.

Halafu kuna forodha. Afisa ana haki ya kufungua boksi, na akishafungua, kazi yote ya mfungaji inategemea mikono ya mtu aliyepo hapo. Weka juu kabisa, ndani ya boksi, karatasi yenye picha zinazoonyesha kila kitu kinakaa wapi. Mwombe wakala wako awepo.

Sasa bima. Tanzania na Kenya zote zinataka mwagizaji akate bima ya mizigo kwa kampuni zilizosajiliwa nchini, nami naona hilo ni jema kwa mwenye kioo: mkaguzi yupo karibu, na unaweza kwenda ofisini kwao. Omba kundi A kwa jina lake, kisha uliza kama wameongeza sharti linaloondoa kuvunjika kwa kioo, maana hilo hufanyika. Ukinunua kwa CIF, yaani bei yenye bima na nauli ya bahari ndani yake, Incoterms za 2020 (kanuni za kimataifa za masharti ya mauzo) zinamtaka muuzaji akukatie kundi C tu, na C hailipi kioo kilichovunjwa na wapakiaji. CIP, inayofanana nayo lakini kwa usafiri wowote, ndiyo inayodai kundi A. Kadiria thamani kwa bei ya mzigo pamoja na nauli na bima, uongeze asilimia 10, ndiyo desturi.

Usidanganyike na dhamana ya msafirishaji peke yake. Kwa ndege, ukomo wa Mkataba wa Montreal tangu mwisho wa Desemba 2024 ni SDR 26 (kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF) kwa kilo, kama dola 35 hivi. Kondensa ya kilo mbili, inayouzwa mamia ya dola, utalipwa dola sabini. Kioo ni chepesi na ghali. Hesabu ya kilo haikufai.

Mzigo ukifika, usitie sahihi ya kupokea kabla hujazunguka boksi pande zote. Ukiona dalili yoyote, iandike kwenye hati ya mapokezi hapohapo, mbele ya dereva. Fungua siku hiyohiyo huku mtu akipiga picha, na ukikuta kimevunjika, simama: usifagie vipande, usitupe sponji wala boksi, mpaka mkaguzi aone. Malalamiko kwa shirika la ndege lazima yawe ya maandishi na yafike ndani ya siku 14 tangu upokee mzigo. Simu haihesabiki. Andika barua pepe, ambatanisha picha, baki na nakala yenye tarehe. Na wakala akikuambia ataongea nao yeye, mshukuru, kisha mwombe naye aandike.