Maswali na Majibu: Vita vya Programu Ndani ya Kumbukumbu

Leo tuko kwenye Core War, mchezo ambao mchezaji hagusi kitufe: unaandika programu, unaiachia uwanjani, kisha unakaa pembeni kuitazama ikiua au ikiuawa.

Hizo programu zinarushiana nini hasa?

Data. Uwanja ni kumbukumbu ya kompyuta iliyopindwa ikawa duara, kwa kawaida ya visanduku 8,000, kila kisanduku na agizo lake. Programu mbili zinawekwa humo, hakuna inayojua mwenzake yuko wapi. Refa (naye ni programu, jina lake MARS) anazipa zamu: agizo moja huku, moja kule. Sasa kuna agizo liitwalo DAT, ambalo halina kazi ila kubeba namba. Atakayelikanyaga zamu yake ikifika, amekwisha. Vita vyote ni kumtegea mwenzako DAT. Ikipita mizunguko 80,000 na wote wangali hai, ni sare.

Nimeandika Imp, ile programu ya mstari mmoja. Hauawi kirahisi, lakini hashindi. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Mstari wenyewe ni huu:

MOV 0, 1

Katika Redcode, lugha ya mchezo huu, anwani huhesabiwa kuanzia pale agizo lenyewe lilipo. Basi 0 ni "hapa nilipo" na 1 ni "kisanduku kinachofuata". Imp anajinakili mbele, zamu ijayo anatekeleza nakala, nayo inajinakili mbele, na hivyo ndivyo anavyotambaa. Kumpiga kuna kazi: bomu, yaani DAT iliyotupwa na adui, lazima lianguke kwenye kisanduku alichojinakili punde hii, kabla zamu yake haijarudi. Likiwahi, atalifuta kwa kujinakili juu yake. Likichelewa, ameshapita.

Shida inaanza akimfikia adui. Anaandika juu yake, adui anatekeleza alichokikuta, na alichokikuta ni Imp. Hukumuua, umembadilisha tu. Sasa mna Imp wawili, wako na wake, wanafuatana kwenye duara mpaka refa apulize kipenga.

Basi nianze na programu gani?

Dwarf. Mistari minne tu, na mimi naona hakuna mwalimu bora:

ADD #4, 3
MOV 2, @2
JMP -2
DAT #0, #0

Wa kwanza unaongeza 4 kwenye namba iliyomo ndani ya DAT ya mwisho. Wa pili unanakili DAT hiyo na kuitupa umbali unaotajwa na namba hiyo. Wa tatu unarudi mwanzo. Kwa hiyo kila kisanduku cha nne kinapata bomu.

Mbona hajilipui, na uwanja ni duara? Kwa sababu 8,000 inagawanyika kwa 4 bila baki. Bomu la 2,000 linarudi kuangukia DAT yake mwenyewe, ambayo ni DAT tayari, na mistari mitatu ya juu haiguswi. Ukitaka kuona tofauti, badilisha ile 4 iwe 3. Bomu la 2,666 litatua kisanduku cha 7,998 kutoka kwenye DAT, yaani juu ya mstari wake wa pili. Dwarf anaruka mwanzo, anaongeza, anakanyaga bomu lake.

Kompyuta yangu haitaambukizwa?

Hapana. Redcode inaendeshwa na refa ndani ya kumbukumbu ya kuigiza tu. Prosesa yako haiielewi.

Nani aliuanzisha?

A. K. Dewdney na D. G. Jones, mwaka 1984, na ukapata umaarufu kupitia makala ya Dewdney katika Scientific American. Core ni vile vipete vya sumaku vilivyokuwa vikihifadhi kumbukumbu za kompyuta za zamani. Wazo la programu kupigana ni la kale zaidi: mwaka 1961 pale Bell Labs, Victor Vyssotsky, Robert Morris na Doug McIlroy walicheza Darwin kwenye IBM 7090. Wiki chache tu baadaye Morris aliandika programu ambayo hakuna aliyeiweza, na mchezo ukafa hapo hapo.

Na Core War, kuna isiyoshindika?

Huku mambo ni jiwe, karatasi, mkasi, na wachezaji wenyewe wanayatumia majina hayo. Jiwe ni wa ukoo wa Dwarf, anatupa mabomu bila kuangalia. Karatasi anajizalisha kwa agizo la SPL, linalogawa programu ikawa na mikondo miwili ya utekelezaji. Haifi mpaka mikondo yote ife, kwa hiyo mabomu ya jiwe hayamtoshi. Mkasi anapekua visanduku akimtafuta adui, na akimpata anamwagia SPL kwanza: adui anajigawa bila faida, zamu zake zinagawanywa kwa umati usio na kazi, anapooza, ndipo DAT zinafagia. Lakini huyo huyo mkasi, jiwe dogo linampiga akiwa bado anapekua.

Mimi ni mtu wa karatasi, na kukatwa nimeshazoea.