Kuposti sio bakapu

We uliyesema laptop imekufa ila huna presha maana picha zote ulishaziposti na kuwatumia watu, pole sana, ila hiyo sio bakapu (nakala ya akiba unayoitunza makusudi), hiyo ni bahati tu. Mimi yalinikuta, diski iligoma nikaanza kuchimba kwenye imeli, ile folda ya zilizotumwa, nikakuta CV na nusu ya ripoti yangu ya chuo, nilivyofurahi utadhani nimeokota hela. Picha sasa ndo kilio, za WhatsApp na Facebook zinabanwa wakati wa kupakia, ukizichapa kubwa ni ukungu mtupu, na tarehe iliyokuwa ndani ya faili mara nyingi haipo tena. Halafu hata hao wakubwa wanapoteza vitu, MySpace, ule mtandao wa kijamii wa zamani, mwaka 2019 walikiri kuhamisha seva kumekula nyimbo, video na picha za miaka kibao, na Google tangu Desemba 2023 akaunti ya mtu binafsi isiyoguswa miaka 2 wanaweza kuifuta. Kwa sasa ingia setingi za Facebook uombe kupakua data zako zote, chimba na imeli, wasumbue uliowatumia, alafu vyote tupia kwenye diski ya nje leo leo.