Dar hadi Mwanza kwa ndege ni masaa mangapi?

SWALI: Habari mhariri, mi nimezoea basi la kwenda Mwanza, sasa mwezi ujao napanda ndege mara ya kwanza, eti ni mbali kiasi gani na inachukua muda gani?

JIBU: Poa kabisa ndugu. Kwa barabara, ukipita Dodoma, Singida na Shinyanga ni zaidi ya kilomita 1,100, si unajua basi linavyozunguka, ila angani ndege inakata moja kwa moja kama kilomita 850 hivi, so ni kama saa moja na nusu tu, kidogo zaidi kama ni ya mapangaboi. Ila eapoti wahi masaa mawili kabla, na foleni ya Dar usiisahau, hiyo inaweza kuzidi safari yenyewe! Omba siti ya dirishani, ziwa utaliona likitokea.