Fundi Anajibu: Betri ipi isukume boti yako?

Barua za safari hii nyingi zimetoka mwambao wa Ziwa Tanganyika, na karibu zote zinauliza kuhusu betri ya mota ya umeme, ile ndogo inayofungwa kwenye tezi au omo na kuisukuma boti polepole bila kelele. Tumechagua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu hesabu yake ndiyo inayozibeba nyingine.

Nina boti ya faiba ya mita nne. Ndugu yangu kaniletea mota ya volti 12 iliyoandikwa 55 lb. Duka moja wananiambia betri ya N70 inatosha, la pili N200, la tatu lithiamu. Nikiwasikiliza wote nitaiuza boti yenyewe. Nishike lipi?
*Msomaji, Katonga, Kigoma*

Usiiuze. Weka habari za betri pembeni kwanza, tuitazame mota. Hiyo 55 lb ni paundi za msukumo. Kwa mota za volti 12, kadiria ampea moja kwa kila paundi ukiwa namba ya mwisho ya mwendo: yako itakula ampea 50 hivi, na ya paundi 30 itakula kama 30. Ukiteremsha mwendo, ulaji unashuka haraka kuliko mwendo wenyewe. Boti iliyokuwa inakwenda kilomita 6 kwa saa ukiirudisha kwenye 4.5, nguvu inayohitajika huwa chini ya nusu. Ila mota za bei nafuu zenye namba tano hupoteza umeme mwingi kama joto kwenye namba za chini, hivyo nafuu yake ni ndogo kuliko ya mota yenye kirungu cha kuzungusha kidogo kidogo.

Pima mwenyewe kwa mita ya kubana waya. Hakikisha inasoma umeme wa betri. Nyingi zinazouzwa zinasoma wa nyumbani tu. Alama ya kutafuta ni A yenye mstari ulionyooka na vitone chini yake. Ikiwa na kijiwimbi peke yake, haitakusaidia.

Sasa hesabu ya safari. Tuseme unatoka Katonga kwenda kutupa ndoano ndani ya ghuba: dakika 20 za kwenda na 20 za kurudi, zote namba ya mwisho, na katikati saa mbili za kujisogeza taratibu kwa ampea 12. Dakika 40 kwa ampea 50 ni ampea-saa 33. Saa mbili kwa 12 ni 24. Jumla 57. Ongeza akiba ya upepo wa kurudia, ufikie 70. Hiyo 70 ndiyo namba ya kwenda nayo dukani.

Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu kama unataka idumu. Kwa hiyo 70 inadai betri ya ampea-saa 140, maana yake ununue ya 150 iliyotengenezwa kwa kutoa umeme muda mrefu, zile zinazouzwa kwa ajili ya sola. Uzito wake ni kilo 40 na kitu. Lithiamu aina ya LiFePO4 unaweza kuitumia mpaka asilimia 80 au 90 bila kuiumiza, kwa hiyo ya 100 inakutosha, na ina kilo 11 hadi 13. Kwenye boti ya mita nne tofauti hiyo ya kilo ni kama kumshusha mtoto mmoja mkubwa.

Kuna mtego kwenye maandishi ya ubavuni. Ampea-saa za betri ya asidi hupimwa ikitolewa taratibu. C20 maana yake imetolewa kwa saa 20. Betri ya 100 ilitoa ampea 5 tu muda wote huo. Ukiivuta kwa 50, haitakupa 100. Itachoka ikiwa imetoa 60 na kidogo. Na ukikuta C100, namba hiyo imekuzwa zaidi, kwa kuwa ilipimwa kwa saa 100. Linganisha C20 na C20. Kisha ipandishe kwenye mizani, hata ile ya dagaa pale mwaloni: betri ya asidi ya ampea-saa 100 yenye kilo 15 ni uongo, mabamba ya risasi hayapo humo ndani.

Ukichagua lithiamu, uliza bodi yake ya ulinzi inaruhusu ampea ngapi mfululizo. Kwa mota yako taka 100. Zipo za bei nafuu zenye bodi ya 50. Hizo ukifungulia namba ya mwisho dhidi ya upepo zinakata ghafla, na mtu aliyezoea betri ya asidi inayolegea polepole hatakuwa amejiandaa. Lithiamu hushikilia volti 13 karibu mpaka mwisho, kwa hiyo kipimo cha volti hakikwambii kitu. Funga mita inayohesabu ampea zinazotoka. Halafu, kwa kuwa volti yake iko juu kidogo, mota itakwenda kasi zaidi na kula zaidi, na baadhi ya watengenezaji wa mota hukataza kukaa namba ya juu muda mrefu ukitumia lithiamu. Soma kijitabu chake.

Rai yetu: pesa ikiwepo, lithiamu ya 100. Isipokuwepo, ya sola ya 150. N70 waachie wenye magari, na jibu linalofuata linaeleza kwa nini.

Mafundi, habari za kazi. Nilinunua N70 mpya kwa ajili ya mota. Haikumaliza miezi minne, sasa inajaa upesi na kuisha upesi. Muuzaji ananiambia mota ni mbovu. Kweli?
*Msomaji, Ujiji*

Mota haina kosa. N70 ni betri ya kuwashia injini: ndani yake kuna mabamba mengi membamba, ili itoe umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha injini ya gari iijaze tena. Ukiikausha kila siku, ule unga ulioshikwa na mabamba hung'oka na kuanguka chini. Kinachobaki ni kidogo, ndiyo maana inajaa haraka. Humo ndani hakuna pa kujaza.

Huenda kuna jambo la pili. Kama ulikuwa unarudi jioni na kuiacha mpaka kesho kutwa bila kuichaji, salfeti imeganda juu ya mabamba. Betri yoyote ya asidi irudishwe kwenye chaji siku ileile.

Thibitisha hivi. Ichaji ijae, iache saa kadhaa bila kuigusa, upime. Iliyojaa husoma volti 12.7, iliyo nusu 12.2, ikisoma 12.0 imebakiwa na robo. Kisha fungulia mota kwenye ampea 25 hivi huku unatazama mita. Ikiporomoka chini ya 11.5 ndani ya dakika chache, imekwisha. Kama ina vizibo, hidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi, itakwambia zaidi: chumba kilichojaa husoma karibu 1.27, na kimoja kikiwa nyuma ya wenzake kwa 0.05 ndicho kilichokufa.

Ya asidi utakayonunua baadaye ongezwe maji ya betri tu, si ya ziwa wala ya chupa ya kunywa, na uongeze baada ya kuchaji. Ukijaza kabla, maji yanapanda wakati wa chaji, asidi inamwagika.

Kwa betri ya 150 naweza kufika Gombe na watalii wawili?
*Msomaji, Kibirizi*

Hapana. Kutoka Kigoma mjini mpaka Gombe ni zaidi ya kilomita 15. Kwa mota ya paundi 55 kama ya barua ya kwanza, ukienda kilomita 6 kwa saa ni saa mbili na nusu za ampea 50, yaani ampea-saa 125 kwenda tu, na betri ya asidi ya 150 haitazitoa kwa mvuto huo. Upepo wa kusini wa kiangazi ukikukuta unarudi, mota ya paundi 55 inaweza kukuacha palepale ulipo. Mota hii ni ya ghubani na kando ya mwambao. Safari ya Gombe ni ya injini ya mafuta, na hata ghubani kasia na maboya yawemo.

Boti yetu iko bwawa la Igombe. Mota ni ya volti 24. Betri moja tunayo ya mwaka jana, tunataka kununua ya pili tuunganishe. Pia waya zinapata moto mpaka plastiki inanuka.
*Wasomaji wawili, Tabora*

Msichanganye ya zamani na mpya. Mkiunganisha kwa mstari, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, mnapata volti 24 lakini ampea-saa ni zilezile za betri moja. Iliyochoka itaisha mwanzo, na mwenzake ataendelea kuisukuma mpaka vyumba vya iliyochoka vigeuke, chanya iwe hasi. Nunueni mbili kwa pamoja, aina moja, ukubwa mmoja. Kama ni lithiamu, hakikisheni mtengenezaji anaruhusu kuziunga hivyo, na kila moja ijazwe peke yake kabla ya kuziunga mara ya kwanza.

Waya ni nyembamba. Chukueni mfano wa mota ya ampea 50 iliyo mita tatu kutoka kwenye betri, yaani mita sita kwenda na kurudi. Kwa waya ya milimita 6 za mraba mnapoteza karibu volti 0.9, na upotevu huo ndio moto mnaounusa. Kwa ya 16 ni 0.3 tu. Wekeni ya 16, na swichi ya kukata yenyewe ya ampea 60 kwenye waya wa chanya, isizidi sentimita 18 kutoka kwenye betri. Mbali na hapo, kipande kisicholindwa kikichubuka kinawaka.

Angalieni pia vichwa vya betri. Nati za masikio za kukaza kwa vidole hulegea kwa mtikisiko, na kiungo kilicholegea hupata moto hata waya ukiwa mnene. Wekeni nati za spana, kazeni, ndipo mpake mafuta mazito juu. Mkianza kupaka, mafuta yanakaa katikati.

Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika uliposimamishwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15, betri yangu ilikaa ndani na ikafa. Ikitokea tena niitunzeje? Na paneli ya ukubwa gani inatosha kuichaji?
*Msomaji, Ilagala*

Paneli kwanza. Ya wati 200 hutoa ampea 10 hivi jua likiwa kali; kwa saa tano nzuri ni 50, nusu ya betri ya 100. Masika usiitegemee peke yake. Kontrola, kile kifaa cha kati ya paneli na betri, uiweke kwenye aina ya betri uliyonayo: lithiamu hutaka volti 14.2 hadi 14.6, na mpango wa kusawazisha wa betri za maji, unaopanda juu ya hapo, uzimwe. Betri ya asidi ya jeli usiipeleke zaidi ya 14.2. Ya asidi ichajiwe penye hewa, kwa sababu hutoa haidrojeni; ndani ya boksi lililofungwa cheche moja inatosha kuipasua.

Ya kuhifadhi: betri ya asidi ilale ikiwa imejaa, nyaya zote zimetolewa, na kila mwezi irudishwe kwenye chaji, kwa maana inajimaliza yenyewe hata bila kutumiwa. Lithiamu ni kinyume: iache karibu na nusu, toa nyaya, iweke kivulini. Siku moja kabla ya kushusha boti, ijaze mpaka juu na uiache kwenye chaja saa mbili zaidi ili bodi isawazishe vyumba vyake.