Kwa nini mifupa ya Gobi hupatikana ikiwa kamili

Umeuliza kwa nini dinosaria wa miamba ya Djadokhta, jangwa la Gobi kule Mongolia, hupatikana mifupa yao ikiwa bado imeungana. Sababu kubwa ni mchanga. Zaidi ya miaka milioni 70 iliyopita, mawe yale mekundu yalikuwa matuta, na tuta likiporomoka au dhoruba ikivuma, mnyama alifukiwa kabla walao mizoga hawajamfikia. Tazama kisukuku kilichochimbuliwa mwaka 1971, mimi nakipenda kuliko vyote: Velociraptor, dinosaria mla nyama, kamchoma Protoceratops, dinosaria mla majani, ukucha shingoni, huku mkono wake mwenyewe umebanwa mdomoni mwa huyo Protoceratops. Walifukiwa wangali wanapigana! Mayai ya dinosaria yaliyopatikana huko huko Gobi mwaka 1923 nayo yalidhaniwa ya Protoceratops. Baadaye kiinitete, yaani mtoto aliyekuwa bado ndani ya yai la aina hiyo, kilionyesha ni ya jamaa wa Oviraptor, dinosaria mwingine.