Barua kwa mwanangu: Tendulkar, Lara, na yule usiyemtaja

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku tu wazima, na barua yako imenifikia. Unauliza kama mwana kriketi mkubwa kuliko wote wa zama hizi ni Sachin Tendulkar wa India au Brian Lara wa West Indies, wapigaji wote wawili. Unasema mmebishana kazini mpaka mkagawanyika kambi mbili, nawe unataka neno la mama yako likate shauri. Neno ninalo, ila halimwangukii yeyote kati ya hao wawili. Mimi namtaja Muttiah Muralitharan, Murali wetu, mrushaji mpira wa Sri Lanka.

Usiikunje barua kwanza. Nisome mpaka mwisho.

Kwanza tuwekeane mipaka. Nikisema zama hizi, nina maana ya wale ambao sehemu kubwa ya uchezaji wao ilikuwa baada ya 1990. Afrika Kusini ilirudi uwanjani mwaka 1991 baada ya miaka mingi ya kutengwa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, na mwaka uliofuata picha za televisheni zikaanza kumsaidia mwamuzi. Mchezaji wa kwanza kutolewa kwa picha hizo alikuwa Tendulkar mwenyewe, mjini Durban. Kwa hiyo Don Bradman, mpigaji wa kale, na wastani wake wa mbio (yaani alama) 99.94 tumwache kwenye kiti chake, na Garfield Sobers vilevile.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, ambalo ni namna ushindi unavyopatikana katika mechi ya Testi, ile ya siku tano ambayo kila timu hupiga zamu mbili. Timu inaweza kukusanya mbio 600 na siku ya tano ikaisha sare. Ili ushinde, karibu kila mara unatakiwa uangushe wiketi 20, yaani uwatoe wapigaji kumi wa mpinzani katika kila zamu yake. Mpigaji anakupa nafasi na muda, lakini anayeangusha wiketi ni mrushaji. Hata hivyo, mkikaa kubishana, majina yanayopigwa upatu ni ya wapigaji. Naelewa kwa nini. Mpira ukivuka kamba uwanja mzima unasimama, na mbio mia moja kila mtu anajua kuzihesabu. Ova thelathini, kila moja mipira sita, za mtu anayekazana kutwa nzima juani hazisimuliwi na mtu.

Mtazame Lara, ambaye nampenda kama unavyompenda wewe. Mwaka 1994 alipiga mbio 375 dhidi ya Uingereza kisiwani Antigua. Miaka kumi baadaye, mahali pale pale na dhidi ya Uingereza ile ile, akapiga 400 bila kutolewa, na hakuna aliyewahi kufika hapo katika Testi. Mechi zote mbili ziliisha sare. Halafu kumbuka mwisho wa 2001, West Indies walipokwenda Sri Lanka. Katika Testi tatu Lara alikusanya mbio 688. Sijaona mtu aliyemcheza Murali kwa miguu myepesi kama ile: anatoka mbele, anarudi nyuma, anapeleka mpira penye mwanya kabla haujamaliza kugeuka. Na West Indies walifungwa mechi zote tatu.

Utaniambia habari za Bridgetown 1999, na una haki. West Indies walihitaji mbio 308 mbele ya Australia yenye Glenn McGrath na Shane Warne, Lara akabaki na 153 mkononi, wakashinda kwa wiketi moja tu, yaani ikiwa imebaki moja ya kuangushwa, Courtney Walsh akiwa upande wa pili akijikaza asitolewe. Nikiambiwa nichague zamu moja tu ya kupiga katika miaka yote hii, nachagua ile. Lakini siku za namna hiyo ni chache kwa mpigaji yeyote. Tendulkar alikuwa na yake Chennai, mwanzoni mwa mwaka huo huo. India ilihitaji 271 kuifunga Pakistan, naye akapiga 136 huku mgongo ukimuuma kiasi cha kumpinda. Alipotolewa na Saqlain Mushtaq zilibaki mbio 17. Waliomfuata hawakuzifikisha, India ikafungwa kwa mbio 12. Kazi yote ile, na aliyefunga mlango alikuwa mrushaji.

Murali siku zake hazikuwa chache. Wiketi 800 katika Testi 133 ni wastani wa wiketi sita kila mechi, kwa miaka kumi na minane, na zaidi ya nusu ya wiketi hizo zilipatikana katika mechi ambazo Sri Lanka ilishinda. Mara 22 aliangusha wiketi kumi au zaidi katika mechi moja. Warne, mrushaji yule wa Australia, alifanya hivyo mara 10. Ukitaka mfano mmoja, chukua uwanja wa The Oval, London, mwaka 1998. Uingereza walianza kwa mbio 445, alama ambayo kwa kawaida inakuhakikishia hufungwi. Murali alichukua wiketi saba katika zamu ile. Waliporudi mara ya pili akachukua tisa, na ya kumi haikuwa ya mrushaji yeyote, kwa kuwa mtu huyo alitolewa akikimbia. Sri Lanka ikashinda kwa wiketi zote kumi.

Na alifanya hayo bila mwenzake wa kulingana naye. Chaminda Vaas, mrushaji mwenzake wa Sri Lanka, alikuwa hodari, simpunguzii. Lakini Warne alipokuwa akirusha upande huu, upande wa pili alisimama McGrath mwenye wiketi 563. Mpigaji aliyemkimbia mmoja aliangukia kwa mwingine. Aliyemkimbia Murali mara nyingi alipata pumzi.

Wenzako watakurukia na mkono wake, kwa hiyo jiandae. Kanuni haimruhusu mrushaji kuunyoosha mkono uliokunjika wakati anaachia mpira. Murali alizaliwa na kiwiko kisichonyooka kabisa, na mtazamaji wa kawaida anaona kama anatupa. Melbourne, Desemba 1995, mwamuzi Darrell Hair alikataa mipira yake saba mbele ya umati mkubwa. Wengi wanaishia hapo wakisimulia. Yaliyofuata ni kwamba alipimwa maabara, akapimwa tena na tena, na mwaka 2004 alirusha mbele ya kamera mkono ukiwa umefungwa kifaa kinachozuia kiwiko kujikunja, na mpira bado ukageuka. Uchunguzi wa warushaji wengine nao ukaonyesha kuwa hata wale wa kasi, ambao jicho liliwaona wamenyoosha mkono kabisa, viwiko vyao vilikuwa vikicheza. Ndipo Baraza la Kimataifa la Kriketi likaweka kikomo kimoja kwa wote, digrii 15, kuanzia 2005. Mtu aliyedhalilishwa hadharani namna ile, kisha akarudi kurusha mpira ule ule akitabasamu, mimi namheshimu kuliko ninavyoweza kuandika.

Hoja yao yenye nguvu ni nyingine. Wiketi 176 kati ya zile 800 alizipata kwa Bangladesh na Zimbabwe, na nchini Australia aliteseka vibaya: Testi tano, wiketi 12. Hilo ni kweli na linamshusha kidogo. Ila Warne naye aliteseka India, ambako kila wiketi ilimgharimu mbio zaidi ya 43, na sababu kubwa ilikuwa Tendulkar. Hapa ndipo Sachin wako anaponikaribia sana. Alianza Karachi mwaka 1989 akiwa na miaka 16, akaacha 2013 akiwa na Testi 200 na mbio 15,921. Nchini Australia, ambako wapigaji wengi wa Asia huvunjika moyo, alipiga senchuri sita, yaani mara sita alifikisha mbio mia katika zamu moja ya Testi. Kwa hiyo kama kambi zenu lazima ziwe mbili tu, simama upande wa Tendulkar. Lara alipanda juu zaidi, Tendulkar alikaa juu muda mrefu zaidi, na timu inahitaji wa kukaa.

Kuna mtu ambaye barua yako haikumgusa kabisa, nami nimeshangaa: Jacques Kallis wa Afrika Kusini. Mbio 13,289 za Testi, moja zaidi ya Rahul Dravid, mpigaji wa India, na juu yake wiketi 292 na mipira 200 aliyodaka. Hebu fikiria Dravid anayeweza pia kushika mpira na kurusha kwa kasi. Hakuwa na madoido, na nadhani hilo limemnyima sifa zake.

Na mbona orodha zenu ni za wanaume watupu? Ellyse Perry wa Australia alipiga 213 bila kutolewa dhidi ya Uingereza mjini Sydney mwaka 2017, na 2019 akawaangusha watu saba wa Uingereza hao hao kwa mbio 22 tu katika mechi ya siku moja. Wanawake hupewa Testi chache mno, na hilo linaniudhi kweli, kwa kuwa hatutajua angefika wapi angepewa hata nusu ya zile za Kallis.

Jasprit Bumrah, mrushaji wa India, ndiye mtu wa kwanza kufikisha wiketi 200 za Testi kwa wastani ulio chini ya mbio 20 kwa kila wiketi. Akimaliza kucheza tutazungumza. Huenda akanilazimisha kuiandika barua hii upya.

Watano wangu basi, kwa mpangilio: Murali, Tendulkar, Warne, Kallis, Perry. Lara ni wa sita, na inaniuma kumwandika hapo. Nijibu upesi uniambie wewe ungemtoa nani ili aingie.

Akupendaye,
Mama yako